Filamu Ishirini na Mbili za Karani wa Pamba

Jumapili ya tarehe nne Januari, saa nane na dakika kumi mchana, karani mstaafu wa pamba aliingia sebuleni kwangu hapa Bariadi akiwa na suti ya rangi ya majivu na tai iliyokazwa hadi kooni, katika joto ambalo hata kuku walikuwa wamelikimbia wakajibanza chini ya gari bovu la jirani. Mkononi alikuwa na vitu viwili: bahasha ya kaki na flashi. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kunichumbia. Ndani ya flashi mlikuwa na filamu ishirini na mbili za yule mpelelezi wa Kiingereza ambaye amekuwa akiiokoa dunia tangu mimi nikiwa binti wa kuchunga ndama, na ambaye kila anapozeeka hubadilishwa sura akaendelea na kazi.

"Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila," nilimjibu, nikamwonyesha kiti.

Alieleza shauri lake kwa ufupi, kama mtu anayesoma tangazo. Yeye amefiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Mimi nimefiwa na mume miaka kumi na minane. "Sisi si watoto, mama. Tuzitazame hizi zote, moja kila Jumapili, na kila mtu azipange kwa daraja, kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho. Tutajua kama macho yetu yanaona pamoja. Siku ya filamu ya mwisho, utanijibu barua yangu."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye ninayeishi naye, alikuwa mkekani akibangua karanga. Hakungoja nifungue mdomo. "Wifi, kubali. Angalau hiyo runinga itapata kazi. Tangu uinunue inatutazama sisi."

Nilikubali. Sababu yangu naiandika mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba nilivutwa na tai.

Msimu wa kwanza baada ya kufiwa nilivuna pamba kule Kimali peke yangu. Anayelima pamba anajua kwamba kazi haiishii kwenye kuvuna. Unakaa chini, unaichambua kwa vidole: nyeupe isiyo na majani wala madoa ni safi; ya njano, iliyodhuriwa na wadudu, ni fifi, ya bei ya chini. Nilichambua siku tisa. Fifi niliiacha nyumbani. Safi niliipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili, nikaipeleka kituoni, na nyuma ya mizani nikamkuta karani huyu huyu, wakati huo akiwa na nywele. Aliingiza mkono kwenye gunia la juu, haukuzama kupita kifundo cha mkono, akachomoa pamba kidogo iliyokwisha kula vumbi la njia nzima, akatamka pasipo kunitazama: "Fifi."

Magunia yote.

"Karani, ingiza mkono mpaka chini," nilimwambia.

"Mama, nyuma yako kuna watu."

Alilishika dole gumba langu yeye mwenyewe, akalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye stakabadhi. Mimi sikujua kusoma. Jioni mtoto wa jirani alinisomea, akasema kwamba mahali pa tarehe pameachwa wazi. Hilo lilinikera kuliko daraja lenyewe: kwa mujibu wa karatasi ile, nilikuwa nimedhulumiwa siku yoyote. Januari iliyofuata nilijiandikisha elimu ya watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na nilipofikisha arobaini na tisa nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu. Tangu hapo hakuna karatasi inayotoka mkononi mwangu bila tarehe.

Karani alionyesha kutokumbuka lolote. Nilitaka akumbuke. Nilitaka aseme kwa kinywa chake, "Mama, siku ile nilikosea." Kama angesema kabla ya filamu ya ishirini na mbili kwisha, ningemjibu ndiyo; nakiri bila haya, kwa maana ni mwanaume nadhifu, anayesikiliza redio kwa sauti ya chini, na nyumba hii imekuwa kimya kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tulianza. Zile za zamani nilikwisha kuzitazama na mume wangu katika banda la video karibu na soko, enzi za yule mtafsiri aliyeingiza sauti yake juu ya sauti za Wazungu. Kwa mtafsiri yule, mpelelezi alikuwa mcheshi, mwenye shangazi wengi, na adui zake walitishana kwa kukatana mishahara. Nilipozirudia sasa kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, niligundua kwamba watu wale hawasemi karibu neno lolote la maana. Nilimsikitikia mtafsiri. Alikuwa akifanya kazi ya waandishi na hakulipwa kama mwandishi.

Nieleze mambo niliyoyaona, maana niliyaandika yote kwenye daftari langu. La kwanza: mtu huyu ni mpelelezi wa siri, lakini kila hoteli anayoingia hutaja jina lake kamili, tena bila kuulizwa. Hapa Bariadi ukishuka stendi na begi, kabla hujavuka barabara umeulizwa unatoka wapi, wewe ni wa nani, na umekuja kwa msiba au kwa harusi. Siri yako ingefika sokoni kabla yako. Yeye anajitangaza mwenyewe kuokoa muda. La pili: adui akimkamata, hamuui. Humfunga, humkalisha, kisha humweleza mpango mzima kwa mtiririko, kama ofisa ugani anayefundisha upandaji kwa mistari, halafu huondoka na kuacha mashine imuue. Filamu kumi na saba kati ya ishirini na mbili zina kosa hilo hilo. Ningekuwa adui wa kumi na nane, ningeomba kusoma ripoti za wenzangu.

Wifi yangu hajui Kiingereza, na kwa sababu hiyo aliona zaidi yetu sote.

"Huyu mwanaume hana ndugu?" aliuliza Jumapili ya tatu. "Mbona hapigiwi simu hata moja ya shida?"

"Yuko kazini, shemeji," karani alijibu.

"Hata walio kazini wana wajomba. Na hiyo suti ametoka nayo mtoni. Nani anampigia pasi?"

"Serikali."

"Serikali!" Wifi alicheka hadi karanga zikamwagika. "Wifi, andika hapo. Serikali inampigia pasi."

Niliandika.

Karani hakuandika. Yeye alikuwa na kawaida moja, na niliithibitisha kwa saa ya ukutani. Dakika ishirini za mwanzo aliketi wima, akiyasifu magari. Ilipofika dakika ya ishirini na tano, baada ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na chai, kidevu kililala juu ya tai. Kitu kikilipuka aliamka, akasema, "Hapo sasa!", akalala tena. Mwishoni, mpelelezi alipomkumbatia yule msichana kwenye mashua, karani alisimama na kujinyoosha, tayari kuondoka. Mimi sikuzima. Nilitazama majina ya watu yakipanda mpaka la mwisho kabisa.

"Filamu imeisha, mama," alisema siku moja.

"Hawa ndio waliofanya kazi," nilimwambia.

Jumapili ya saba, katikati ya Februari, nilimfungulia mlango wa kwanza wa kukumbuka. "Karani, hivi zamani mlijuaje pamba ya mtu ni ya daraja gani?"

Aliinua kiganja chake, akakigeuza mbele ya macho yetu kama anayeuza saa. "Mimi nilikuwa na mkono, mama. Wengine walichambua gunia zima. Mimi nikigusa juu tu, najua mpaka chini."

"Hukukosea hata mara moja?"

"Mara moja?" Alifikiri kwa heshima zote. "Hapana."

Wifi, ambaye ameisikia habari ya Kimali mara nyingi kuliko anavyotaka, alinitazama kisha akatazama karanga zake.

Filamu ya tisa ndiyo iliyonipa kipimo. Naomba nieleweke: katika filamu hizi watu hufa kama inzi. Walinzi wenye sare za rangi moja huanguka kutoka kwenye ngazi, kwenye treni, kwenye milima ya theluji, na hakuna hata mmoja anayeulizwa kwao ni wapi. Mimi ni mjane. Kila alipoanguka mlinzi niliwaza mwanamke fulani mahali fulani anayeinjika chungu, hajui. Katika filamu ishirini na mbili hakuna turubai lililofungwa, hakuna aliyelala msibani hata siku moja. Ila katika ile ya tisa, baada ya mapigano ya jikoni, mpishi mmoja mzee anatokea, anavua aproni yake, anamfunika mlinzi uso. Kisha anarudi kukoroga sufuria. Ni sekunde chache tu, nami niliirudisha nyuma mara tatu.

"Huyu kapata mtu wa kumsitiri," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Karani alikuwa amelala.

Tuliiruka Jumapili ya Pasaka tu. Nilimfungulia mlango wa pili Aprili, na wa tatu Mei wakati magunia yalipoanza kuonekana barabarani. Safari zote mbili alizungumzia mkono wake. Wifi alianza kunisihi. "Wifi, mwambie wazi! Mtu hajibu swali asilolijua. Utazeeka na daftari lako."

"Aliyeshika dole langu alikuwa yeye," nilimwambia. "Sikumshika mimi."

Jumapili ya tarehe saba Juni tulitazama ya ishirini na mbili. Mpelelezi, sasa mwenye sura nyingine na mikunjo machoni, aliiokoa dunia. Karani siku hiyo hakulala. Namtendea haki kwa kuliandika hilo. Majina yalipoanza kupanda alitoa mfukoni orodha yake iliyopigwa chapa. Namba moja ilikuwa ile yenye gari linalozama majini na wasichana sita. Ya tisa aliiweka mwisho, na pembeni ameandika: *haina msisimko*.

Nilimpa daftari langu. Nilikuwa nimezipanga katika safu mbili, safi na fifi, na chini ya kila filamu mistari kadhaa ya sababu. Safi zilikuwa nne. Alifungua, akasoma mstari wa juu, akapiga paja kwa kicheko.

"Ya tisa ndiyo namba moja? Mama! Hii ni fifi. Fifi kabisa!" Akalifunga daftari, akanirudishia.

Sikulipokea. "Karani, ingiza mkono mpaka chini."

Alikuwa bado anacheka. Kicheko kikapungua, kikabaki mdomoni tu. Alinitazama usoni, kisha akatazama dole gumba langu lililokuwa juu ya meza.

"Kimali," alisema polepole. "Mkokoteni wa ng'ombe wawili."

"Ndiyo."

Wifi aliacha kubangua.

Niliwatazama watu wa filamu wakipanda, mafundi wa taa, washonaji, wapishi, nikamngoja. Nilikuwa tayari. Nasema kweli, nilikuwa nimekwisha kulisogeza lile neno ndiyo mpaka kwenye ulimi.

"Siku ile foleni ilifika barabarani, mama," alisema. "Na kila mmoja alikuwa anasema yake ni safi. Sasa ningemwamini nani?" Alinyoosha tai. "Lakini si yamepita? Tena ona, ulisoma. Pengine bila mimi usingesoma."

Jina la mwisho likapanda, runinga ikawa nyeusi.

Niliifuata bahasha yake ya kaki kabatini. Nikaifungua barua, nikasoma maneno yake yote tena kwa heshima, kwa kuwa ni barua nzuri, na chini ya sahihi yake nikaandika kwa wino wa bluu neno moja, lile la Kimali. Kisha nikaweka sahihi yangu kamili, na tarehe, na saa: kumi na dakika ishirini na tano alasiri.

"Umeandika nini?" wifi aliniuliza.

"Daraja."

Nilimkabidhi karani barua, pamoja na flashi. "Ile ya tisa uirudie," nilimwambia. "Ukiwa macho."

Hakuisoma mbele yetu. Alitoka, akavaa viatu, na mimi nikasimama dirishani, jambo ambalo si kawaida yangu. Alipofika kwenye gari bovu la jirani alisimama, akaikunjua. Aliisoma muda mrefu kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikapita sahihi yake, kikapita neno langu, kikafika chini kabisa kwenye tarehe, kikakaa hapo.