Mtoto Hatoki na Asiye Wake

Aibu hii ningeificha, lakini nusu ya mtaa wetu wa Kanyosha waliiona kwa macho yao, basi bora muisikie kwangu, na hasira zangu zote.

Vijana wa mtaa wetu wameamua kulinda uwanja wa watoto wa kuchezea. Mashimo wameziba, vipande vya chupa wameokota, siwanyimi sifa. Ila sasa mlangoni wanamwandika mtoto namba mkononi kwa biki, na mzazi anaandikwa ileile, ili mtoto asitoke na mtu asiye wake. Jumapili ile nilikuwa na kucha mpya na losheni ya bei (najua, najua), nikamwambia binti wa mlangoni amwandike mwanangu Kezia peke yake. "Mi nimemzaa, naandikwa ya nini?"

Wakati wa kutoka nikamkuta kijana mwingine, kavaa jile, kile kizibao cha manjano, filimbi shingoni.

"Dada, leta mukono."

"Sina namba. Huyu ni mtoto wangu."

Akachuchumaa. "Katoto, huyu ni nani?"

"Ni Divine."

"Ni mama yako?"

"Apana. Mama yuko nyumbani, anapika maharagi."

Nilimzaa Kezia nikiwa bado shuleni, mama yangu akamlea ili nimalize, kwa hiyo kwake "mama" ni bibi yake, na mimi ni Divine tu, kama wote wa nyumbani wanavyoniita. Sasa hayo utamweleza mtu mwenye filimbi? Badala ya kueleza nikamvuta mtoto, mtoto akalia, yule mjinga akapuliza, watu wakajaa, wauza karanga, kwaya iliyotoka kanisani, na mwanamke mmoja akisema kwa sauti, "Wezi wa watoto siku hizi wanavaa vizuri!" Nikapandwa na wazimu, nikapiga kelele kwamba nilimzaa kwa kupasuliwa na kovu ninalo, nikaanza kuinua blauzi mbele ya kwaya nzima. (Ndiyo. Nilifanya hivyo.)

Ikabidi mama yangu aitwe kwa simu. Alipofika Kezia akamrukia, "Mama!", na yule kijana akasema kwa adabu zote, "Mama, mutoto wako huyu hapa. Ila huyu dada yake, mumuambie apunguze hasira."

Nikangoja neno moja tu kutoka kwa mama yangu. "Huyu ndiye aliyemzaa," basi. Akacheka, akamwambia yule kijana, "Asante mwanangu," akamweka mtoto mgongoni, wakatangulia, mimi nyuma yao kama mbebaji wa mizigo.

Vijana wale nimeapa sitawatukana tena. Waliuliza kitu ambacho nyumbani kwetu hakijaulizwa miaka minne. Lakini nimeapa pia kwamba Kezia akiniita Divine siitiki, hata nyumba iungue. Jana aliita Divine, Divine, mpaka akachoka, akaita, "Mama!"

Tukaitika wawili, mimi chumbani, mwenzangu jikoni.