Mwaka Niliokataa Kufichwa

Kahawa ikishamenywa na kulala usiku kucha ndani ya ndoo, asubuhi hutoa harufu ya uchachu mtamu, kama mbege changa, pombe yetu ya ndizi, iliyochanganyika na udongo uliolowa. Waliokulia kwetu Uru watakwambia kwamba harufu hiyo huwarudisha shambani: mikono yenye utelezi, maganda mekundu yamerundikwa chini ya migomba, watoto wakirushiana punje mbichi hadi mtu mzima awakemee. Mimi hunirudisha chumbani. Mwaka nilipokuwa darasa la tatu niliivuta harufu ile msimu mzima nikiwa ndani, dirisha la mbao limefungwa kwa komeo, nikisikiliza kaka yangu Evarist akizungusha mashine ya kumenyea na mama akimwaga maji. Mwanga uliingia kupitia ufa mmoja wa ubao, mwembamba kama uzi, na vumbi likachezea humo. Nje palikuwa na mavuno, mvua za vuli zilikuwa zikinukia kutoka mlimani, na maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee wetu unaopita kando ya kihamba, shamba letu la nyumbani, yalikuwa yakienda zake bila kumwomba mtu ruhusa. Niliyaonea wivu maji.

Nimezaliwa na ualbino. Leo nalitamka neno hilo kama ninavyotaja jina la kijiji changu, lakini utotoni sikulijua. Nilijua "zeruzeru", nililoitwa njiani, na nililizoea kama mtu anavyozoea kokoto ndani ya kiatu. Kisha mwaka ule likaja neno jipya, "dili", yaani mali ya kuuzwa, na hilo sikulizoea. Redio ilikuwa inasema kila jioni kwamba huko mbali, upande wa ziwa, watu wenye ngozi kama yangu wanavamiwa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga wamewadanganya watu kwamba mifupa yetu huleta utajiri. Mama alikuwa akipunguza sauti ya redio nikipita, lakini sikio la mtoto ni refu. Wakubwa walisema hayo ni ya huko, kwetu hayapo. Kumbe hofu haihitaji nauli. Ilipanda mlima hadi Uru na kukaa nasi mezani.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Pasua, mjini. Alikuwa akilala huko siku za kazi na kupanda nyumbani Jumamosi, amebeba mkate na mabaki ya vitambaa ambayo mama aliyageuza kuwa viraka. Alikuwa mtu wa utani na vicheko. Siku moja akiwa kilabuni aliambiwa kwamba jirani yetu, Baba Proti, ambaye shamba lake linapakana na letu, amesema mbele ya wanywaji wa mbege kuwa fundi yule ni maskini wa kujitakia, maana utajiri wake umelala chumba cha pili. Watu walicheka. Baba hakucheka. Kesho yake, katikati ya wiki, alikuja nyumbani bila mkate, ameshika kufuli jipya. Alisema tangu siku ile siendi shule, siendi mtoni, siendi kanisani, na mlango wa mbele usifunguliwe bila kuuliza ni nani. Mama alipojaribu kumwambia kwamba mtoto hawezi kuishi kama kuku wa kutotolea, alijibu kwa methali ambayo ikawa sheria ya nyumba yetu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Simlaumu. Baba alinipenda, na waliokuwa wakiwinda watu hawakuwa ndoto. Sipendi wahubiri wanaosema hofu ni ujinga, kana kwamba aliyeumwa na nyoka hana haki ya kushtuka akiona unyasi. Lakini nilikaa chumbani mle kiasi cha kutosha kuona hofu inafanya nini ndani ya nyumba, na jambo moja lilinionyesha kuliko yote. Alasiri moja mtu alipiga hodi akiomba maji ya kunywa. Kwetu maji hayanyimwi mtu, hata adui. Nilichungulia kwenye ufa nikamwona mama yangu, yule aliyeniamsha kila asubuhi kwa sala, akitoka na kikombe mkono mmoja na panga mkono wa pili. Yule mtu alikitazama kikombe, akalitazama panga, akarudi nyumanyuma hadi barabarani, kisha akakimbia. Baadaye tuliambiwa alikuwa mnunuzi wa ndizi aliyetoka Chekereni, na alikuwa ametembea toka asubuhi juani. Mama alikaa kizingitini, maji bado yako kikombeni, akalia kimya. Nikaelewa kwamba hao watu wabaya, wawepo wasiwepo, tayari walikuwa wametuibia kitu. Walikuwa wamemnyang'anya mama yangu ukarimu wake.

Aliyeruhusiwa kuniona ni mmoja tu, Mwalimu Genoveva, katekista wa kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini. Wenzangu walikuwa wanajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, ambayo ingetolewa sikukuu ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba, na yeye alikuja kunifundisha nyumbani ili nisiachwe nyuma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye pumzi fupi na sauti kubwa, hakujua kunong'ona. Siku moja nilimuuliza kama kuogopa ni dhambi, kwa sababu nilikuwa naogopa kila sauti ya mguu na nilidhani labda ndiyo maana Mungu haniondoi mle ndani. Alifikiri, akavua viatu vyake, akajibu kwamba Bwana mwenyewe aliogopa bustanini mpaka jasho likamtoka kama damu. Kuogopa si dhambi, alisema. Lakini Bwana alipomaliza kusali aliinuka, na waliokuja kumkamata hawakumkuta amejificha nyuma ya mizeituni. Aliwaendea, akawauliza wanamtafuta nani. "Hofu ikija ipe kiti," akaniambia, "ila usiipigie magoti."

Maneno hayo yalinikaa rohoni kuliko majibu yote ya katekisimu. Kwa hiyo baba alipokuja Jumamosi iliyofuata na kutangaza kwa furaha kwamba amezungumza na padre, na padre amekubali kuja kunipa komunyo nyumbani, siku nyingine, bila watu kujua, nilikasirika. Gauni jeupe alikuwa ameshalishona. Alilikunjua mbele yangu, shingo ina mshono mdogo mdogo ambao hakuwahi kumshonea mteja yeyote, akasubiri nifurahi. Nilimwambia sitaki.

Akauliza sitaki gauni? Nikasema gauni nalitaka, nataka kulivaa kanisani. Akasema haiwezekani, na uso wake ukabadilika. Aliniambia kwamba mimi ni mtoto, sijui wale watu wanafanya nini. Nilimjibu kwamba najua, nimesikia redioni yote, hata yale ambayo mama aliyapunguzia sauti. Mama aliacha kumenya ndizi. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, ingawa kwetu mtoto hajibizani na baba yake.

"Baba, mkimleta Yesu kwa kujificha, nitajua na Yeye anawaogopa wale watu. Basi nitamwomba nani?"

Nilitegemea kofi. Baba alikunja gauni polepole, akalirudisha ndani ya gazeti, akatoka nje kwenye migomba, akakaa huko hadi jua likazama nyuma ya mlima Meru. Aliporudi hakunitazama. Alimwambia mama kwamba wiki hiyo jumuiya isali kwetu.

Jumuiya yetu ni familia za jirani zinazokutana kila wiki kusali, nyumba kwa nyumba. Kwetu palikuwa pamerukwa tangu kufuli liingie. Walikuja wote, Baba Proti naye, amevaa kofia yake ya sufi. Waliimba, wakasali, wakasoma, na ulipofika wakati wa maombi ya kila mtu baba alisimama. Niliketi nyuma ya mama, nikaona vidole vya baba vikichezea tepe ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake. Alikuwa amesahau kuivua. Alisema hana ombi, ana neno. Alisema amemfungia mtoto wake ndani kwa kuwa anaogopa, na kwamba watu wanadhani anaogopa wageni wenye magari. "Mgeni hajui chumba anacholala binti yangu," alisema. "Ninyi mnakijua. Ninaowaogopa ni ninyi."

Methali husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni wachache wanaothubutu kuvua nguo mbele ya watu na kuikung'uta. Hatimaye Baba Proti alivua kofia. Alisema ni yeye. Alisema alitoa mzaha wa mlevi, na alipoona siendi tena shule alijua ni kwa sababu ya ulimi wake, akaona aibu kuja kusema. Aliomba msamaha kwa baba, kisha akanitafuta kwa macho nyuma ya mgongo wa mama, akaniomba na mimi, mtoto wa miaka tisa, kwa jina langu: Yustina. Baba hakumkumbatia, hakuwa tayari. Alimwambia tu kwamba Jumapili ya Kristo Mfalme binti yake atatoka kwa miguu kwenda kanisani, na anayetaka kuthibitisha kuwa si adui aje atembee naye. Mama alinishika goti. Hakusema hapana.

Jumapili hiyo kulipokucha, walikuwa wamejaa barabarani. Wanawake wa jumuiya walikuwa na vitenge vyao vya sare, Mwalimu Genoveva alikuwa mbele akihema kabla hata hatujaanza kushuka, na Baba Proti alikuwa amesimama peke yake kando, na mwavuli, kwa kuwa mtu alimwambia jua linaniunguza. Baba alitoka na suti yake ya harusi na panga lililofungwa kwenye gazeti. Mwalimu Genoveva alimuuliza kama analipeleka altareni. Baba akajibu kwamba anamwamini Mungu kabisa, ila panga ni la wale wasiomwamini. Watu walicheka, na baba naye akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msimu uanze.

Tulipofika kwenye daraja la mto, pikipiki ilikuja kutoka chini ikiwa na wanaume wawili ambao hakuna aliyewajua. Ilipunguza mwendo, ikasimama. Wimbo ulikatika. Niliona gazeti likichanika mkononi mwa baba, na Baba Proti akasogea mbele yangu na ule mwavuli wake kama ngao. Nisingependa mtu adhani nilikuwa shujaa. Nilitaka kurudi chumbani, kwenye ufa wangu na vumbi langu. Lakini nilikumbuka yule wa bustanini aliyewaendea waliokuja kumkamata. Nikatoka ubavuni mwa Baba Proti, nikapiga hatua hadi karibu na pikipiki, gauni jeupe, ngozi nyeupe, kila mtu ananiona, nikamtazama aliyekuwa akiendesha.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akasema marahaba, akatazama chini, akawasha pikipiki, wakapita katikati yetu taratibu huku watu wakiwapisha. Mpaka leo sijui walikuwa akina nani. Huenda walikuwa wamepotea njia tu, wakitafuta msiba au harusi. Huenda hawakupotea. Najua tu kwamba nilipogeuka, mama ndiye aliyeanzisha wimbo tena, juu sana, sauti ikampasuka, na wote wakaufuata hivyo hivyo ulivyopasuka mpaka mlangoni mwa kanisa. Baba aliliacha panga nyuma ya mlango, pamoja na miavuli. Nilipokea komunyo mbele ya kijiji kizima, nikafungua macho, nikatazama watu wakinitazama. Jumatatu nilirudi shule.

Sisemi kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Nilipokuwa nikisoma sekondari niliwahi kufuatwa na gari hadi nikaingia duka la mtu na kujibanza nyuma ya magunia ya mchele, na sikuona kwamba nimeikana imani kwa kujibanza. Leo ni muuguzi kwenye zahanati moja ya mashamba ya mpunga kule tambarare, ambako jua halina huruma, na bado kijana fulani kwenye bodaboda akinipita hunirushia lile neno. Sheria zimekazwa, elimu imeenea, watu wengi wamebadilika, lakini uongo wa waganga haujafa, umeinama tu. Tofauti iko kwangu. Utotoni nilidhani siku moja hofu itaondoka ndipo nitoke. Sasa najua kwamba nikiisubiri iondoke, nitazikwa nikiwa bado naisubiri. Kwa hiyo huvaa kofia yangu pana, nikapaka mafuta yangu ya jua, nikasema sala yangu fupi, nikaenda kazini nikiwa naogopa. Na ile methali ya baba nimeikataa. Kwa mwoga hakuendi kicheko. Nimeishi kwake, najua: kinachoenda huko ni kimya.

Juzijuzi alikuja kliniki mama kijana, binti wa miaka ishirini hivi, amebeba kichanga kilichofunikwa hadi puani wakati wa joto kali. Nilipofunua nilijua kwa nini: kilikuwa na ngozi kama yangu. Alikuwa akitazama nywele zangu, mikono yangu, kama mtu anayetazama mbele ya safari yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini amfiche wapi mtoto, kwa shangazi yake Same au kwenye kituo cha kuhifadhi watoto chenye ukuta. Nilimwambia kwamba ukuta nitamsaidia kuutafuta ikibidi, na nitamwonyesha mwenyekiti wa kitongoji na namba ya polisi, maana imani haimkatazi mtu kufunga mlango. Lakini kwanza afanye kinyume. Amtangaze. Mtoto anayejulikana na kila mtu ana walinzi wengi; mtoto asiyejulikana hupotea bila mtu kuuliza. Akasema anaogopa. Nikamwambia hata mimi.

Zamu yangu ilipoisha tulitoka pamoja. Tulifunika mwili wa mtoto kwa kanga dhidi ya jua, uso tukauacha wazi, tukafuata tuta la mpunga hadi nyumba ya kwanza jirani na kwake, ambako wanawake walikuwa wanapepeta.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Tumewaletea mtoto wenu mumwone."