Kovu Nililolifuta Ngara

Kosa langu la mwanzo, na ambalo silisahau, ni kwamba niliifundisha kompyuta kuhifadhi picha iliyosafishwa juu ya ile ya asili. Safi ilipoingia, ya kwanza ilipotea kabisa. Nilifanya hivyo kwa makusudi, na nikajivunia.

Nilikuwa nimeajiriwa katika studio ndogo ya picha pale mtaani Ngara, juu ya duka la jumla la nyuzi na vifungo. Kazi yetu kubwa ilikuwa picha za pasipoti. Kamera ilikuwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya, na programu yenyewe ilikuwa ya zamani hata kwa miaka ile. Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Nilisoma kurasa zake za msaada mpaka nikagundua kwamba inaweza kukumbuka mfululizo wa hatua, unaoitwa makro, na kuurudia yenyewe kila picha inapopigwa. Nikarekodi makro yangu: ng'arisha uso, futa mikwaruzo na vipele, kata, punguza hadi ukubwa wa pasipoti, hifadhi. Mteja alikuwa hajainuka kwenye kiti na tayari uso wake ni laini kwenye skrini.

Wateja walifurahi. Mwenye studio alifurahi zaidi, kwa sababu diski yetu ilikuwa ndogo na sasa haikujaa. Huo ndio udhuru niliokuwa nikiutoa. Ukweli ni kwamba sikuvumilia picha yenye dosari ibaki mahali popote ikiwa imetoka mkononi mwangu. Nililala nikiwaza kivuli kilichobaki chini ya kidevu cha mtu nisiyemjua. Niliona kama kuna siku mtu atazifungua zile za asili na kujua kwamba sikusomea kazi hii popote.

Asubuhi moja alikuja kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inang'aa.

"Niaje boss," alisema akikaa. "Nitoe picha nikae mtu ako na kazi tayari."

"Kazi gani?"

"Wewe nipe sura ya meneja. Hiyo ingine niachie mimi."

Tulicheka. Alikuwa na kovu jembamba kutoka pembe ya jicho la kushoto hadi karibu na sikio. Nililiona kupitia kamera. Nikabonyeza, makro ikapita, na kovu halikuwepo. Nakumbuka nilivyoridhika kwamba halikuacha hata dalili.

Wiki chache baadaye akaja mama yake. Alikuwa ameshika bahasha ya studio yetu, kona zake zimekunjika. Alisema ametoka mtaa wa Uthiru. Kijana wake aligongwa na gari akivuka barabara ya Waiyaki Way, na bahasha ilitolewa mfukoni mwake. Nyumba yao ya mbao iliwahi kuungua pamoja na albamu, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kupiga picha nyingine. Alitaka moja kubwa ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza, na hiyohiyo iende kwenye jalada la kile kijitabu cha wasifu ambacho watu hupewa kwenye mazishi.

"Lakini si hii," alisema, akiniwekea mezani picha ya pasipoti. "Hii mlimpaka. Nipe ile iko na alama yake."

Nilijua jibu kabla sijagusa kipanya. Hata hivyo nilifungua folda moja baada ya nyingine, nikijifanya natafuta, ili nisimwangalie.

"Mama, ile ya kwanza haipo."

"Imeenda wapi?"

"Kompyuta iliifuta."

Akaigeukia kompyuta, kisha akanigeukia mimi. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliiambia ikuwe inafuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka watu watoke wazuri."

"Kwani alikuwa mbaya?"

Nilimvutia kiti kando yangu nikaanza kuikuza ile ndogo iliyobaki. Uso ulipopanuka ukawa kama umechongwa kwa sabuni. Nikachukua brashi ya programu nikajaribu kulichora kovu. Mama akaweka kidole kwenye kioo cha skrini.

"Inaanzia hapa. Teremsha. Si hivyo, hapo ni kama umemchapa. Ilikuwa nyembamba."

Nikafuta, nikachora tena. Huku akielekeza, alinisimulia jinsi mabati ya banda la kuku yalivyomkata kijana wake alipokuwa ndio ameanza kukimbia, na jinsi alivyombeba mgongoni hadi hospitali, damu ya mtoto ikimchuruzika yeye shingoni. Nilisikiliza na kuchora. Kila nilichochora kilibaki kuwa mstari. Kovu huvuta ngozi ya kando yake, na hupinda kwa namna yake mtu anapocheka. Kijana yule alicheka mbele yangu. Nililiona kovu lile likipinda, na nilichokuwa nikingoja ni litoweke.

Mwishowe akaondoa kidole chake. Kiliacha alama ya jasho kwenye kioo.

"Wacha hivyo," alisema. "Watu wa kanisa hawatajua."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitaangalia jeneza."

Niliichapisha, nikaifunga kwa gazeti, akashuka nayo ngazi polepole, ameikumbatia kifuani. Mwenye studio alikuwa ameiona ikitoka kwenye printa.

"Hiyo imetoka poa, kijana. Sasa mbona umekunja uso?"

Nilienda kwenye skrini nikafuta ile alama ya kidole kwa mkono wa shati, kwa mazoea tu, na kioo kilipobaki safi ndipo nilipogundua kwamba nimefuta tena.

Sasa napigia familia picha kwao nyumbani, nyingi upande wa Spring Valley, na wasiwasi wangu haujapona. Lakini makro yangu ina hatua mpya, na ndiyo ya kwanza: inanakili picha ya asili kwenye folda nyingine kabla ya kugusa chochote. Hatua ya kufuta mikwaruzo niliitoa. Anayetaka kovu lake liondolewe huniambia mwenyewe, na mimi huliondoa kwa mkono, kwenye nakala.