Kitasa cha Mangi na Pilau ya Posa

Enzi zetu Kariakoo, ukimwona mtoto amevaa ufunguo shingoni ulimwonea huruma, maana ulijua kwao hakuna mtu. Nyumba yenye watu ilifungwa kwa pazia. Kitambaa chepesi cha maua kinapepea mlangoni toka asubuhi mpaka magharibi, na anayepita koridoni anajua kwenu mmepika nini na nani leo amenuna. Kufuli tulilijua, hatukuwa washamba, ila lilikuwa la vitu viwili: baiskeli ya Baba na kabati la sahani za wageni. Zile sahani ziliishi chini ya ulinzi mkali. Sisi watoto tulilala mlango wazi. Nadhani wazee walijua kwamba hata tukiibwa, tutarudishwa.

Nayasema haya nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Magomeni, mahali ambapo ukinitafuta wakati wowote utanikuta. Mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu wa rika hili wana vikoba vya kuweka akiba na safari za mikoani. Mimi nina kiti. Mwanangu Iddi ananiita Mama Kufuli. Kama kuna mtu Dar nzima ambaye nyumba yake haihitaji kitasa cha kisasa, ni mimi, kwa sababu niko ndani siku zote. Na ndiye huyo huyo aliyewekewa. Nitakifikia hicho kitasa. Kwanza twendeni nyumbani.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa upande wa kuelekea Gerezani, nyumba ya Kiswahili hasa: korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma uani kuna jiko, bomba na choo. Mwenye nyumba aliitwa Bi Zuhura, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Baba alimheshimu kama mama yake mzazi, na jambo lolote la kwetu, iwe kuhamishwa shule au kuolewa, lilipita kwake kwanza. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa na komeo la mti, na Bi Zuhura alilishusha watu wote wakisharudi. Alijuaje kama wote wamerudi? Kwa kandambili. Kila mtu aliacha zake koridoni, mbele ya chumba chake, na yeye alizijua zote: za Baba zilizolika kisigino upande mmoja, za Mama zilizoungwa kwa msumari, zangu ambazo hazikuwahi kuwa za rangi moja. Anapita, anaangalia chini, anatikisa kichwa, komeo linashuka. Siku hizi mnaambiwa mashine inatambua sura. Bi Zuhura alitambua nyayo.

"Nyumba hii," alipenda kusema, "hata nzi akiingia lazima anipe shikamoo."

Tulimwamini. Tukitoka shule tulitupa madaftari, tukacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, uchochoroni mpaka vumbi linatufanya wote tufanane, halafu kombolela. Kombolela ya kwetu ulijificha chumba chochote, chini ya kitanda chochote. Mwenye chumba akikukuta anakwambia "jibane vizuri, mguu unaonekana," anaendelea kukaanga mihogo yake. Watoto wa sasa wakicheza kombolela watajificha wapi, na kila mlango unataka pasiwedi?

Tusidanganyane lakini, ulinzi ulikuwepo. Ukuta wa uani ulipandwa vipande vya chupa juu, vya kijani na vya kahawia, jua likivipiga vinapendeza kuliko taa za harusi. Ndiyo ilikuwa fensi yetu ya umeme, na haikuwahi kukatika. Udhaifu ulikuwa mmoja: Bi Zuhura alikuwa akilala baada ya adhuhuri, na akilala, amelala. Wakati huo ndipo dada yangu mkubwa, Mwanahawa, alipopenda kwenda uani kuosha vyombo. Alikuwa msafi dada yangu, jamani! Sufuria moja aliisugua alasiri nzima, pale pale karibu na bomba. Mama alikuwa akitutolea yeye mfano: "Mwigeni mwenzenu."

Basi akaja mpangaji mpya, chumba cha mbele. Mchaga wa Kilimanjaro, mfanyabiashara, duka lake karibu na sokoni: vitasa, makufuli, bawaba, misumari. Tukamwita Mangi kama wanavyoitwa Wachaga wote wenye maduka. Siku ya kwanza tu akatundika mlangoni kwake kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Nyumba nzima ikanuna. Mama akawa anaongea na ukuta kwa sauti ya kufika chumba cha mbele: "Sijui wenzetu wametuona tuna mikono mirefu!"

Mangi hakukasirika. "Mama, mimi nauza makufuli. Nikiacha mlango wazi, nani atanunua kwangu?"

Mama akarudi jikoni, na kabla ya jioni mtaa mzima ulishalisimulia jibu la Mangi.

Muda si mrefu ikaja habari ya posa. Kijana anaitwa Rajabu, fundi cherehani, amempenda Mwanahawa. Alimwona, ilisemekana, kwenye shughuli ya jirani. Wazee wake wanakuja. Baba alikuwa amekwisha kusema: watu akiwapenda Bi Zuhura, yeye anatoa binti, Bi Zuhura akitia shaka, soda za posa zirudi zilikotoka. Kwa hiyo Mwanahawa hakulala vizuri wiki ile, na vyombo vikaanza kuoshwa haraka haraka.

Mangi naye akaona nafasi. Akamfuata Bi Zuhura barazani. "Bi mkubwa, wageni wa heshima wanakuja, halafu wakute mlango una komeo la mti kama zizi?"

"Zizi baba yako!" Bi Zuhura akamjibu. Lakini neno lilimwingia. Kesho yake Mangi akaja na kitasa kipya kinachong'aa, akakifunga mwenyewe, nyumba nzima tukiwa tumesimama kumwangalia. Uzuri wake, alituonyesha, kinajifunga chenyewe. Unaurudisha mlango, *klak*, kwisha. Ukiwa nje bila ufunguo hufungui hata uwe nani. Tukaufunga na kuufungua mpaka akatukataza. Bi Zuhura akapokea funguo zote, hakutaka mtu mwingine awe nazo, akazitafutia mahali ambapo mwizi hataziona: msumarini, nyuma ya mlango huo huo, kwa ndani.

Siku ya posa, uani kulinukia bizari na iliki mpaka paka wa mtaa wa pili walihamia kwetu. Nyama imeshaiva, mchele umeshatiwa, Mama amepalia makaa juu ya mfuniko. Baba ameanza kunyoa ndevu. Ikabaki kusubiri.

Matarumbeta yakalia.

Kwa asiyejua Kariakoo ya wakati ule: matarumbeta ya harusi yakipita hukai ndani. Mgonjwa alitoka. Aliyekuwa bafuni alitoka na povu. Yalikuwa yanatokea Mnazi Mmoja, bi harusi kwenye gari la wazi, na sisi sote mbio mpaka barazani: Mama na mwiko wake, Baba na shuka na fulana, shavu moja limenyolewa na jingine jeupe kwa sabuni, Mwanahawa na nywele zilizosukwa nusu, Bi Zuhura na kanga moja. Tukacheza pale pale. Upepo wa matarumbeta au upepo wa Mungu, sijui. Nyuma yetu tukasikia *klak*.

Muziki ukapita. Tukatazamana.

"Nani yuko ndani?" Baba akauliza.

"Pilau," Mama akajibu.

Tulijaribu kila kitu. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Wakaona mtoto anaweza kupenyezwa, wakanichagua mimi, chaguo ambalo mpaka leo silielewi, maana nilikuwa mnene kuliko wote. Kichwa kilipita. Mwili ukakataa katakata, na kichwa nacho kikagoma kurudi. Walinitoa kwa mafuta ya nazi ya jirani huku Mama akisema, "Si nilikwambia upunguze kashata!" Mangi akaitwa dukani, akaja anahema na shada la funguo, akajaribu mmoja mmoja. Hakuna uliokubali. Badala ya kusikitika akaanza kutabasamu.

"Nilikwambia, Bi mkubwa. Kitu imara!"

"Kivunje!"

"Nikivunje? Kipya hivi? Hata jambazi angekionea huruma."

Harufu ya pilau, iliyokuwa ikituliwaza, ikaanza kubadilika. Kwanza ukoko. Halafu zaidi ya ukoko. Na pale kwenye kona ya mtaa tukawaona wazee wa kanzu wanakuja taratibu, mshenga mbele, na nyuma kabisa Rajabu mwenyewe kabeba kreti la soda, kwa kuwa desturi haikumruhusu kuja kama mposaji ila haikusema kitu juu ya mbeba soda. Wakatukuta: ukoo mzima wa binti nje kama tumefukuzwa kwa kodi, baba mkwe nusu ndevu, mimi nimepakwa mafuta mpaka masikioni. Mwanahawa akajifunika uso kwa kanga. Nilimsikia ananong'ona, "Basi tena."

Mshenga akasalimia, akaelezwa. Wazee wakaanza kutazamana kwa ile namna ya watu wanaotafuta sababu ya kuaga.

Rajabu akasogea mbele. Akatua kreti, akazunguka uchochoroni. Sisi sote nyuma yake. Akavua viatu, akavipachika kwenye tundu la ukuta, vikaenea kama vimezaliwa humo. Mguu wa kushoto ukaenda kwenye tofali lililotokeza. Mkono ukapanda juu pale chupa zilipokoma, ukashika mahali palipo wazi, bila yeye hata kutazama. Akapanda. Akatoweka. Hatukusikia kishindo.

Tukarudi mbio barazani, na muda mfupi baadaye mlango wa mbele ukafunguka. Rajabu kasimama, funguo mkononi.

"Karibuni," akatuambia. Nyumbani kwetu. "Pilau nimeshaitua, Mama. Imeshika chini kidogo tu."

Hakuna aliyeingia. Baba akajifuta povu. "Kijana, ule ukuta una chupa."

"Upande wa bomba hauna, mzee."

Alishasema. Mwanahawa alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Mama alikuwa anaangalia mwiko, na nadhani alikuwa anazikumbuka zile sufuria zote. Mshenga akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Wote tukamgeukia Bi Zuhura, mlinzi wa nzi.

Alimtazama Rajabu toka utosini mpaka miguuni. Miguu aliitazama sana, kwa sababu hakuwahi kuiona na ilikuwa imezoea kwake. Kisha akamnyang'anya zile funguo, akachomoa mmoja, akamrudishia.

"Shika. Kuanzia leo upite mlangoni kama watu. Ukuta wangu utaniangukia."

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Mshenga akapiga vigelegele mwenyewe, kazi ambayo si ya wanaume, na alivipiga vibaya. Tukaingia. Ukoko tulipewa watoto, na sijala kitu kitamu vile tena. Mangi alikwenda moja kwa moja kukikagua kitasa chake, akatoka amejaa furaha: "Mmeona? Hakikuguswa hata kidogo!"

Ile nyumba haipo sasa. Pamesimama ghorofa la maduka, geti la chuma, kamera kila kona, na mlinzi anayekuuliza unakwenda kwa nani kabla hujamsalimia.

Na kwangu Magomeni kuna kitasa cha Iddi. Hakina ufunguo, kinataka kidole. Kuingia kidole, kutoka kidole. Kinaongea Kiingereza, nami kwa kidato cha nne changu nilielewa kinachosema: jaribu tena. Nikajaribu tena. Iddi akaninyanyua mkono, akautazama. "Mama, vidole vyako havina mistari."

"Mistari nimeiacha kwenye mbuzi ya nazi, ukanenepa wewe."

Akanipa namba ya siri. Kisha akaibadilisha kwa ajili ya usalama, akaniandikia kwenye simu, mimi nikaufuta ule ujumbe nikidhani ni matapeli. Siri ikawa siri kweli.

Jumapili iliyopita Iddi katoka na wenzake, nami nimepika pilau, maana Dada Mwanahawa na Shemeji Rajabu wanakuja kula. Wakaja. Nikaweka kidole: jaribu tena. Nikampigia Iddi. "Tulia Mama, nakifungua kwa simu huku nilipo, mtandao ndio unasumbua." Nikatulia. Wao dirishani kwa nje, mimi dirishani kwa ndani, nondo katikati, tunaulizana habari za watoto kama nimefungwa jela.

Shemeji, kichwa cheupe kama pamba, akautazama ukuta wa nyuma na waya wa umeme juu yake. Akalitazama goti lake bovu. "Shemeji, mngekuwa na huu waya enzi zile, mimi mpaka leo ni kapera."

"Na mimi ningekuwa nimepumzika kuosha sufuria," Dada akasema.

Kisha Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake. Katikati yake kulikuwa na mmoja mweusi wa zamani, umelika meno. Niliujua kabla hajasema. Bi Zuhura amezikwa zamani, mlango umeshakuwa kuni, lakini mkwe bado anatembea na ufunguo aliopewa. Akaenda mlangoni kwangu kwa utani, akainama, akapapasa kitasa cha Iddi juu na chini kutafuta tundu la kuuingiza.

"Halipo," akasema, kama mtu aliyenyimwa shikamoo.

Sahani haipiti kwenye nondo. Nikapitisha mwiko. Siku ile sote tulikuwa nje na pilau peke yake ndani. Safari hii tulikuwa mimi na pilau ndani, na watu wangu wote nje, wanakula mwiko kwa mwiko, wanacheka. Nami nikacheka, ila nikawa naangalia chini ya mlango, pale ambapo kandambili zao zingekuwa.