Mkweche wa Mama Mdogo

Mama mdogo alinunua mkweche. Sisemi kwa dharau. Ndilo jina lake. Lilikuwa gari la kupandia milima, la zamani kuliko mimi, lenye boneti ndefu na mlango wa nyuma uliofunguka kwa teke. Muuzaji alilisifu mpaka mate yakamkauka. Mama mdogo hakumsikiliza. Yeye ni mshonaji, na mshonaji hutazama nguo upande wa ndani, kwa hiyo alitandika gunia, akajilaza chini ya gari, akaipapasa chasisi kama anayetafuta mshono uliofumuka. Akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Mifupa mizima," akasema. "Nguo tutalishonea."

Alilitaka kwa ajili ya mama mkubwa, dada yake, aliyeishi juu mlimani ambako barabara ilikuwa mawe na makorongo matupu. Mama yangu, wa kati yao, alikwishatangulia mbele ya haki. Walibaki wao wawili. Na macho ya mama mkubwa yalikuwa yanazimika. Daktari alishasema hakuna dawa ya kuyarudisha.

"Njoo nikuone uso, mdogo wangu," alimwambia kwenye simu, "kabla taa haijazimika."

Ungedhani angeondoka kesho yake. Thubutu! Radieta ilivuja, ikazibwa. Springi zikabadilishwa. Kisha akashona vitambaa vya viti, akavifumua kwa kuwa pindo halikukaa sawa, akashona tena. Hakuna gauni lililowahi kutoka mikononi mwake na uzi unaoning'inia, na gari nalo likaingizwa kwenye sheria hiyo. Kila mara fundi makanika alipofunga boneti, yeye alisikia mlio mwingine.

"Mama, hili si gauni la harusi," fundi akamwambia. "Gari la umri huu hutengenezwa huku linatembea."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Jioni mama mdogo alikaa kwenye usukani pale uani, injini imezimwa, akiendesha. Nami nilipanda kando yake. Kioo kilijaa ukungu wa pumzi zetu, ukuta wa jirani ukayeyuka, na kweli nilihisi tunaelea.

"Tuko wapi?" nilimuuliza.

"Tumepita daraja. Sasa tunapanda."

Hatukuwahi kufika. Kila mara alishuka kabla ya kona ya mwisho, nami nikaanza kukasirika. Nadhani aliogopa. Pale uani, dada yake bado alikuwa anaona.

Asubuhi moja simu ikalia. Mama mkubwa alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Nimelisalimia koti langu ukutani! Nikaliuliza na habari za watoto!"

Mama mdogo hakucheka. Akachukua funguo. Mlango wa upande wangu ulikuwa bado haufungiki vizuri, tukaufunga kwa ukanda wa kitambaa, nami nikaushikilia njia nzima.

Gari likakohoa, likatoa moshi, likapanda. Ukungu ulitushukia, miti ikaja na kupotea, mawe yakapita chini yetu polepole kama usingizini. Radieta ilipochemka tulingoja ipoe, tukaongeza maji, tukaendelea.

Mama mkubwa alisikia mngurumo, akatoka mlangoni. Akageuza uso upande ambao hatukuwapo. Gari lilikwishasimama, lakini mama mdogo aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, hashuki.

"Nani huyo?"

"Mimi, dada."

Mama mkubwa akaja akipapasa boneti, akamshusha, akamvuta penye mwanga, akamshika mashavu. Nyuso zao zilikaribiana mpaka pua zikagusana. Akamtazama kwa muda mrefu, shavu moja, shavu la pili, paji la uso.

"Mdogo wangu," akasema, "umezeeka!"

Mtu mwingine angemwambia hivyo angekula matusi ya mwaka mzima. Mama mdogo alilia kwa furaha.

"Tazama vizuri, dada," akasema. "Tazama tena."