Kiungo cha Shaba Kwenye Mshipi

Miaka ile baada ya Mapinduzi nilikuwa fundi wa saa, nina meza yangu Mkunazini. Kila nilipopata nafasi nilikwenda Kendwa kwa wakwe zangu, na huko kaka wa mke wangu alinifundisha kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya ngalawa inayokwenda.

Chambo chetu kilikuwa kichwa cha kijiko kilichotobolewa na kutiwa ndoana. Kikivutwa majini kilizunguka na kumetameta, na samaki wakakifukuza wakidhani dagaa. Tabu yake, kilizunguka pamoja na mshipi. Tukiuvuta ndani, nailoni imeshajisokota na kufanya vifundo miguuni mwetu. Siku zile nailoni ilikuwa adimu madukani, hivyo hatukuikata; tulikaa kuifumua mpaka jua likatuwakia utosini.

Nikaona hilo ni jambo la fundi. Kwa shaba ya saa mbovu nilitengeneza kiungo cha pete mbili, kila moja ikizunguka peke yake, kikae baina ya mshipi na kijiko. Shemegi alikigeuzageuza kiganjani, akasema marehemu baba yake alifunga chambo moja kwa moja na watoto wake hawakulala na njaa. Hata hivyo hakunikataza. Yeye akafunga chake kwa namna yake, nami kwa yangu.

Asubuhi ile mshipi wangu ulirudi umenyooka, wake umesokotana, nami nikajiona bingwa. Nilipoutupa tena, mshipi wangu ukashtuka kwa nguvu, mara ukalegea. Nilipouvuta, kijiko hakipo wala kiungo hakipo. Shemegi alishika ncha iliyobaki, iliyokatwa kwa meno, akaitazama kwa makini.

"Huyu nguru hakukitaka kijiko, shemegi," alisema. "Kaiona shaba yako inang'ara, kaiuma hiyo."

Niliumia, lakini alivyokuwa akijizuia asicheke, nikacheka mimi kwanza.

Nyumbani nilitengeneza kingine, nikakishika juu ya moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi tititi. Safari iliyofuata nilikifunga mbali kidogo na kijiko, na baina ya viwili hivyo nikatia kipande cha waya kisichokatika kwa meno. Nguru alikuja, safari hii akakiuma kijiko chenyewe. Tulimvuta pamoja, shemegi akinihimiza nisifanye pupa, hadi akalala ndani ya ngalawa, mrefu kama mguu wangu.

Mama mkwe alimpika kwa nazi, na jirani wakapelekewa vipande. Tulipokuwa tukinawa, shemegi aliniambia, kwa sauti ya chini, "Nitengenezee na mimi. Cheusi."

Nilimtengenezea. Ila alikuwa pia na chambo cha manyoya ya kuku, nacho aliendelea kukifunga moja kwa moja. Nilipomuuliza, alinijibu kuwa manyoya hayazunguki, basi ya nini kuyabebesha mzigo? Nilijaribu mwenyewe, nikaona kweli yanaogelea vizuri zaidi yakiwa mepesi. Tangu hapo tukawa tunafunga hivyo sote wawili: kijiko kwa kiungo, manyoya bila kiungo.