Millicent na Magunia ya Bati

Millicent Were hakuwahi kurudishiwa fomu. Hilo alilisema mwenyewe, tena kwa majivuno, tangu alipokuwa karani wa shule kule Busia hadi alipopata kazi Parklands, ghorofa ya tatu, katika kampuni inayotengeneza mita za stima. Wengine husifiwa kwa sauti ya kuimba au mkono wa chapati. Yeye alisifiwa kwa kujaza visanduku. Mpe karatasi ya visanduku arobaini, atakurudishia vyote arobaini vimejaa, na asipojua la kuandika atapiga simu mpaka ajue.

Basi wanunuzi wa Ulaya wakaandika barua. Hawatachukua mita hata moja mpaka waelezwe bati la kulehemu lililomo ndani limechimbwa wapi, na wahakikishiwe kwamba halikutoka kwenye migodi ya mashariki mwa Kongo inayoshikiliwa na watu wenye bunduki. Kihara, meneja, aliisoma huku akipiga miayo, kisha akamsukumia Millicent ile fomu.

"Madam Millicent, hii ni ya kujaza tu. Usiifanye kubwa."

Usiifanye kubwa! Ni sawa na kumwambia paka asinuse samaki. Kwa wiki sita Millicent alilifuata bati lile kinyumenyume: kutoka kipande kilichofika kiwandani hadi tanuri lililoliyeyusha ng'ambo, kutoka tanuri hadi meli, kutoka meli hadi lori. Nyayo zote zikaishia kwenye ghala moja Dagoretti, hatua chache kutoka machinjioni, ambako magunia ya mawe ya bati yalipumzishwa kabla ya kupelekwa bandarini. Mwenye ghala aliitwa Njuguna, mfanyabiashara ambaye ofisi yao ilikuwa ikimjua. Na mmoja wa wapakiaji wake alikuwa Bramwel, mtoto wa baba mdogo wa Millicent. Millicent mwenyewe ndiye aliyembembelezea Njuguna ampe kazi ile, baada ya Bramwel kukaa miaka miwili akitegemea vibarua vya mjengo.

Jumapili, baada ya kanisa, akamwita nyumbani kwake Riruta, alikoishi na bintiye Stellah. Akamweleza sheria ya biashara hiyo: kila gunia hufungwa lebo ya plastiki yenye nambari palepale mgodini, ili yeyote ajue lilikotoka. Bramwel akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sista, nani alikudanganya zinafungwa mgodini? Gunia zinakuja uchi. Lebo zinakuja kwa bahasha, zimefungwa kama fungu la sukuma wiki. Sisi ndio tunafunga, hapo hapo Dagoretti."

"Na magunia yenyewe yanatoka wapi?"

"Kwa wale wa bunduki. Madereva wanajua, hawafichi." Akaacha kucheka. "Juzi tuliosha gunia mbili. Na hiyo damu haikutoka slaughter."

Millicent akaisukuma sahani kando. Chapati yake ilipoa.

"Lakini usinitaje, sista. Ivyne amebakisha mwezi moja ajifungue. Nikipoteza hii job, nimeisha."

"Nikutaje, kwani nimerukwa na akili?"

Na hakuwa akidanganya. Alimpenda Bramwel. Jumatatu akaandika kila kitu: bahasha, lebo, maji ya kuosha magunia. Aliandika vizuri, kwa hasira ya haki, na hapo sina neno naye. Kisha akafikia kisanduku cha mwisho: chanzo cha habari, jina, kazi na simu.

Angeweza kuandika kwamba jina limehifadhiwa. Mtoto wa darasa la nne angejua hivyo. Lakini Millicent alikitazama kisanduku kile asubuhi nzima, akaenda kunywa chai, akarudi, nacho kikamkodolea macho kikiwa kitupu. Akajiambia fomu inaenda Ulaya, na huko Ulaya nani anaijua Dagoretti? Akaandika: Bramwel Were, mpakiaji. Akaweka na nambari ya simu. Tuseme ukweli, hakulazimishwa na mtu. Alimuuza ndugu yake kwa raha ya kuona karatasi imejaa.

Tena utaratibu wa ofisi ile aliujua. Mwuzaji yeyote akilalamikiwa, lalamiko hupelekwa kwake kwanza alijibu. Barua za namna hiyo Millicent ndiye aliyezipanga kwenye faili kwa miaka tisa. Kihara aliituma fomu kwa Njuguna alasiri ileile, jina, simu na yote.

Kufika Alhamisi, Bramwel alikuwa ndani. Lebo za bahasha "zilipatikana" kwenye mfuko wake uliokuwa umetundikwa msumarini na sweta lake. Njuguna akajibu kwa barua safi: uchunguzi umefanywa, mpakiaji mmoja alikuwa akibadilisha lebo bila mwajiri kujua, yuko mikononi mwa polisi, magunia mengine yote ni halali.

Kihara alimwita Millicent ofisini kwake akiwa na furaha ya mtu aliyetolewa mwiba.

"Imeisha vizuri. Sasa jaza ingine. Pale kwa aliyefanya makosa, weka huyo kijana."

"Bosi, huyo ni ndugu yangu."

Kihara akainua macho. "Wa tumbo moja?"

"Wa baba mdogo."

"Aa." Akarudi kwenye simu yake. "Basi si sana. Na ile fomu ya kwanza haikuwahi kuandikwa, tumeelewana? Ikijulikana iliandikwa, tunafunga hii kampuni, na wewe ndio wa kwanza kutoka."

Millicent akajaza. Alilia, ndiyo, chooni, dakika kumi hivi, kisha akanawa uso na kumalizia visanduku vilivyobaki. Fomu haikurudishwa. Wazungu walituma barua ya shukrani, na Kihara akaibandika ukutani karibu na mashine ya maji ya kunywa. Bramwel alikosa mdhamini akapelekwa rumande. Mkewe Ivyne akajifungua mtoto wa kike bila yeye.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, Ivyne alifika Riruta na mtoto mgongoni. Hakukaa mpaka alipoambiwa akae.

"Mama Stellah, nimetoka kumwona. Kuna wakili wa kujitolea amemchukua. Anasema kitu inaweza kumtoa ni moja tu. Kama kuna mtu Bramwel alimwambia hiyo maneno ya lebo kabla ashikwe, aje korti aseme. Mwizi hajiripoti."

Millicent akamimina chai.

"Bramwel anasema alikuambia wewe. Wewe peke yako." Ivyne alizungumza polepole, kama mtu aliyekariri njia nzima. "Na kama ni wewe uliandika jina lake kwa ile karatasi Njuguna alimwonyesha, hakuna shida. Amesema nikuambie ashakusamehe. Hiyo karatasi tu ndio anataka. Kesi ni Jumanne."

Nakala ya fomu ya kwanza, aliyojiwekea, ilikuwa kabatini, ndani ya faili ya nailoni, nyuma ya kichwa cha Ivyne. Kuifikia kulihitaji kusimama na kunyoosha mkono. Millicent aliwaza karo ya Stellah, akawaza kodi ya nyumba, akawaza umri wake, miaka arobaini na sita, na ni nani angemwajiri tena. Yote hayo ni ya kweli na sitamnyang'anya. Kisha akaongeza sukari kwenye kikombe cha mgeni.

"Ivyne, mimi hakuwahi kuniambia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ivyne hakupiga kelele. Alikunywa chai yote, kwa sababu kwao hawaachi chai ya mtu, akasuuza kikombe kwenye karai, akamfunga mtoto upya na kwenda zake.

Jumanne Millicent alikuwa kazini Parklands. Bramwel alifungwa miaka mitatu. Alisimama kizimbani asubuhi nzima akitazama mlango, na hakimu akalazimika kumwambia mara mbili atazame mbele.